Hesabu ya Maji Yetu
Hotuba kwa wafanyakazi na wenyeji wa Bangboka



Kazi yangu ni ukarani mgodini. Kila jioni nafunga daftari la dhahabu: upande mmoja mapato, upande wa pili gharama. Mafuta ya mashine yameandikwa, mishahara imeandikwa. Maji hayakuandikwa hata siku moja. Mto unatumika bure, kwa hiyo daftari linasema faida. Leo tuyaandike pamoja.

Mtu akiosha dhahabu mtoni, tope hushuka na maji. Akitumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, zebaki huingia katika samaki, na samaki huingia katika sahani ya mtoto. Anayekaa chini ya mto ndiye alipaye: mvuvi kwa wavu mtupu, mama kwa mwendo mrefu wa ndoo, mgonjwa kwa dawa. Na kila penye kiwanda cha kusafisha maji, yakichafuka zaidi, dawa ya kuyasafisha huzidi. Faida ni ya mmoja, gharama ni ya wengi.

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulisema Kongo ina zaidi ya nusu ya maji ya Afrika, lakini watu 26 tu katika 100 walipata maji safi. Basi hatukosi maji. Twakosa mabomba na hesabu ya haki.

Kisangani yajua jambo hili. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini siku sita, umeme ulikatika na maji ya bomba yakakatika pamoja nao. Mto Tshopo hutupa taa na kinywaji: ukiuharibu, umeharibu vyote viwili. Na mwaka 2025 kipindupindu kiliingia jimboni mwetu.

Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 yasema anayechafua alipe. Lakini nani atalipa deni lisiloandikwa?

Basi tudai mambo matatu. Maji yapimwe juu na chini ya kila mgodi. Gharama ya uchafu iandikwe katika daftari la mgodi wenyewe. Na hesabu hiyo ibandikwe mahali pa wazi, kila raia aisome.

Wandugu, dhahabu itakwisha. Mto utabaki, na wajukuu wetu watakuwa na kiu.