Boksi Limekufa, Nani Kaliua?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba twende gereji.

Shemeji yangu ana lori moja. Nasema moja ili tuelewane mapema: hana kampuni wala msururu wa magari. Ni lori la Kimarekani lililoundwa mwaka 1998, ambalo alilinunua likiwa tayari limechoka, kwa kiinua mgongo chake na mkopo wa benki. Hupakia saruji na mbolea Dar es Salaam na kuzishusha Tunduma. Lori likitembea, nyumba tatu zinakula: yake, ya dereva na ya utingo. Likisimama, benki peke yake ndiyo inayoendelea kula.

Basi lilisimama. Lilisimamia chini ya mlima Kitonga, likiwa na shehena kamili. Dereva anasema injini ilikata ghafla, kama mtu aliyezima taa chumbani. Akangoja nusu saa, ikawaka. Akaenda kilomita mbili, ikakata tena. Kwenye dashibodi ikawaka ile taa nyekundu ambayo madereva wetu huiogopa kuliko trafiki. Likavutwa hadi Iringa, na huko fundi akapima akatoa hukumu: umeme unafika, mafuta yanafika, kwa hiyo kontroli boksi limekufa.

Kwa asiyelijua boksi hilo, nieleze kidogo. Malori tuliyokulia nayo yalikuwa na pampu ya mafuta iliyofanya kazi kwa chuma na springi. Fundi mzuri aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akakwambia nozeli ya silinda ya nne ina kasoro. Kuanzia miaka ya 1980 Wamarekani wakaanza kukabidhi kazi hiyo kwa kompyuta. Mwaka 1987 Detroit Diesel waliingiza sokoni injini yao ya Series 60, ambayo tangu siku ya kwanza ilitoka kiwandani ikiongozwa na umeme. Boksi lenyewe ni la bati zito, ukubwa wake kama kitabu kinene. Linasoma joto la maji, mgandamizo wa hewa, mguu wa dereva na mahali ilipo kranki, kisha linaamua kila nozeli imwage mafuta saa ngapi na kiasi gani. Injini ya silinda 6 ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, uamuzi huo hutolewa mara 90 katika kila sekunde moja. Hapo bisibisi sikioni haina la kusema.

Shemeji akateremka Gerezani, akatafuta boksi la mtumba lenye namba zilezile, akalipa milioni mbili na nusu, akalipakia kwenye basi la usiku. Asubuhi likafungwa. Injini ikawaka! Watu wakapeana mikono, na fundi akasifiwa.

Sherehe ile haikufika mbali. Kwanza, mlio wa injini haukuwa ule uliozoeleka; ilitetemeka ikiwa imesimama na kutoa moshi mweusi kwenye mlima. Pili, kwenye foleni ya mizani Makambako lori lilianza mchezo wa kujizima lenyewe. Dereva akifunga breki ya mkono na kuacha injini ikinguruma, baada ya dakika tano inazimika. Utingo alitaka kuitwe shehe. Tatu, na hili ndilo lililouma, kabla ya kufika Igawa injini ilikata ghafla, vilevile kama ilivyokata Kitonga. Ikasubiriwa nusu saa, ikawaka.

Unaona, msikilizaji? Boksi lingine, ugonjwa uleule.

Walijikongoja wakashusha mzigo, wakarudi Dar es Salaam. Safari hii shemeji alikwenda kwa mzee mmoja fundi umeme Tabata. Mzee hakufungua chochote. Alichukua kipimo, ncha moja akaiweka kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye mguu wa ethi wa boksi, akasema: piga stata. Waya mzima ungepoteza chini ya nusu volti. Huu ulipoteza zaidi ya volti tatu. Akaufuata mpaka chini ya sanduku la betri, akauchana plastiki. Ndani kulikuwa na unga wa kijani na nyuzi chache za shaba zilizosalia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule wa Iringa alidanganyika, wala simwiti mwongo. Waya uliobaki na uzi mmoja hukuonyesha volti zote ukiupima wakati haubebi mzigo. Ukidaiwa kazi, unasalimu amri. Boksi likikosa umeme wa kutosha linanyamaza, na likinyamaza injini inakata. Iringa iliwaka kwa sababu fundi, katika kuchomoa na kuchomeka, aliutikisa waya ukashika tena.

Waya ukabadilishwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Shemeji akafurahi: kumbe boksi lake la kwanza lilikuwa zima! Likarudishwa mahali pake. Kimya. Hata taa ya dashibodi haikuwaka.

Mzee akauliza swali moja: Je, kuna mtu aliyechomelea gari hili? Utingo akakuna kichwa. Naam, kule Iringa, wakati wakisubiri basi, walichomelea kishikio cha tanki la mafuta. Betri zilikuwa zimefungwa, na boksi la kwanza lilikuwa bado kwenye nyaya zake. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudi, na njia moja ilipita tumboni mwa boksi. Boksi lililosingiziwa kufa sasa lilikuwa limekufa kweli.

Likabaki lile la mtumba, na vituko vyake vikapata maelezo. Kabati la chuma si kitu. Kilicho ndani ndicho kitu. Boksi lile lilitoka katika lori la kampuni fulani ya Marekani, ambako wenye magari hupangia injini ijizime baada ya dakika chache ili isichome mafuta bure, kisha hufunga mpango huo kwa neno la siri. Zaidi ya hapo, kila nozeli ya injini hii ina namba yake ya usahihi, na boksi lazima liambiwe namba hizo. Hili lilikuwa likizilisha nozeli za shemeji kwa vipimo vya nozeli zilizoko ng'ambo ya bahari.

Ilimbidi atafutwe kijana mwenye kompyuta na programu halali. Alifungua kifuniko cha juu cha injini akanakili namba za nozeli zote sita, akachukua namba ya injini, akapata kutoka kwa watengenezaji mpango uliotoka nayo kiwandani, akaupakia. Alitaja jambo lililomtoa shemeji machozi: kama angeitwa Kitonga, kabla ya mtu kuchomelea, angenakili kila kitu kutoka boksi la kwanza kwa dakika chache. Gharama zote, pamoja na siku 19 bila kazi, zilimeza ada ya mtoto ya muhula mzima.

Sasa mimi nina neno langu. Mzee wa Tabata anajua umeme kuliko wengi, lakini hana funguo za boksi. Kijana ana funguo, kwa sababu amelipia kwa dola, na huwalipisha wengine hivyo hivyo. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa mafundi wa nje habari za matengenezo. Afrika Kusini, miongozo ya tume yao ya ushindani ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2021, ikimruhusu mwenye gari kwenda kwa fundi amtakaye. Sisi tunaopokea magari ya wote hao tunapokea bati, na maneno ya siri ya watu tusiowajua. Kama lori nimelinunua, kwa nini niombe ruhusa ya kuambiwa linaumwa nini?

Lori limekwishapanda Kitonga mara nne tangu hapo. Boksi la kwanza liko sebuleni kwa shemeji, juu ya redio, na dada yangu amekatazwa kulitupa. Utingo naye amenunua rangi nyeupe, akaandika juu ya sanduku la betri: FUNDI, USICHOMELEE KABLA HUJANIULIZA.