Madaftari Kumi na Moja

Juma hili naomba tuzungumze habari ya madaftari.

Dada yangu mkubwa alifundisha shule ya Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipofariki alituachia kaunta buku kumi na moja zilizojaa masomo aliyoyatunga mwenyewe: hadithi za Biblia kwa maneno ya watoto, maswali, michezo, na michoro ya kalamu ya risasi. Katika mchoro mmoja Daudi anachunga mbuzi chini ya mbuyu.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, mwalimu wa kanisa jirani, ambalo ukuta tu unalitenganisha na lake, alimwomba ayanakili masomo hayo. Dada alikubali. Wazee wa kanisa wakakataa, wakidai kuwa yule ni wa dhehebu jingine, atayapotosha. Mwalimu yule akarudi mikono mitupu, akaendelea kuwakaririsha watoto aya zile zile kwa sababu hakuwa na kitu kingine.

Wakati ule niliwaona wazee wale kuwa wachoyo. Leo nakiri kwamba hoja yao haikuwa ya bure kabisa. Makanisa yetu yanatofautiana kweli. Wapo wanaobatiza watoto wachanga, na wapo wanaosubiri mtu akue. Wapo wanaosali Jumamosi. Lakini nimeyasoma madaftari yale yote, na katika masomo zaidi ya mia niliyohesabu, yanayogusa tofauti hizo ni manne tu. Mwenye kutoyapenda hayo manne si ayatoe aweke yake? Msamaria Mwema ana dhehebu gani, ndugu msikilizaji? Biblia yenyewe ya Kiswahili ilifika mahali hapo zamani: Unguja walikuwa na tafsiri yao na Mombasa yao, hadi ilipotoka ile ya Muungano mwaka 1952, ambayo mpaka leo husomwa katika makanisa ambayo hayaalikani hata kwenye harambee.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulikosea. Tukisikia kugawana bure, mawazo yetu hukimbilia duka la fotokopi, na kitabu cha mtu mwingine kwapani. Hiyo siyo niliyokusudia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, hata kama hajaisajili popote. Kitabu cha mchapishaji si chako, na kukigawa kwa jina la Bwana hakukifanyi kuwa chako. Cha kugawa ni kile ulichokitunga mwenyewe, na ni vizuri uandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba umeruhusu.

Tangu mwaka 2002 zipo leseni zilizokwisha kuandaliwa kwa kazi hiyo, ziitwazo Creative Commons. Mfano mmoja ni Open Bible Stories, hadithi 50 zenye picha, zinazoanzia Uumbaji. Yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri, kuzichapa, hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka, na alichokibadilisha nacho akiachie wengine kwa masharti yale yale.

Hapo penye kuuza ndipo familia yetu ilipokwama. Mdogo wangu alisema hataki kuona mjanja wa mjini akitajirika kwa jasho la marehemu. Nikamwambia ipo leseni inayokataza biashara. Lakini nilipofikiri zaidi nikaona kuwa hata mwenye duka ambaye angevichapa vijitabu na kuvifikisha vijijini kwa bei ya karatasi na nauli, naye ataogopa kuvigusa. Tulibishana jioni tatu mfululizo, na chai ikapoa mara zote tatu.

Mama ndiye aliyetunyamazisha.

“Wanangu, mnagawana mali ya nani?” aliuliza. “Marehemu hana mtoto?”

Kweli, hakuna aliyekuwa amemwuliza mpwa wangu, na yeye ndiye mrithi. Tulipomwita alijibu kwa kifupi tu: “Mjomba, jina la mama liandikwe. Mengine wachukue, wauze wasiuze.” Kisha akatuuliza kama tunajua mahali pa kupata wino wa printa kwa bei nafuu.

Hivi sasa anapiga chapa usiku, baada ya kazi. Amefika daftari la tatu. Nakala ya daftari la kwanza imekwishavuka ukuta, na yule mwalimu ameleta ujumbe: anaomba ruhusa wale mbuzi wa Daudi awachore upya wawe kondoo. Tumemjibu kwamba ruhusa imo ukurasa wa kwanza.