Ana Nini, au Yuko Vipi? Usonji na Haki ya Kuitwa
Mhadhara wa umma, Changamwe, Mombasa



Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya 2010 inaanza na jambo ambalo wengi hulipita mbio. Kabla ya kutaja skuli, kabla ya magari na majengo, kabla ya lugha ya ishara, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Walioitunga wakaishia hapo. Hawakusema namna hiyo ni ipi, wala ni nani wa kuichagua. Pengo hilo ndilo nitakalolishughulikia leo, nikifuata kundi moja tu, wenye usonji (autism). Na nikishasema "wenye usonji", tayari nimeelemea upande mmoja wa ubishi ambao umewagawa watu kwa zaidi ya miaka 30: mtu atajwe kwanza na hali yake ifuate, au hali hiyo ndiyo yeye, na kuitaja pembeni ni kumkata vipande?

Upande wa kwanza una historia ya kuheshimiwa. Mwaka 1974, mjini Salem katika jimbo la Oregon, Marekani, walikutana watu waliokuwa wametengwa miaka mingi katika makao ya serikali kwa sababu ya ulemavu wa akili. Walichoka kuitwa kwa majina ya kidaktari yaliyokuwa yamegeuka matusi. Walitaka wajulikane kwanza kuwa ni watu, na hata chama chao wakakipa jina la maana hiyo. Mwaka 1983, mjini Denver, wagonjwa wa ukimwi nao walikataa kuitwa waathiriwa. Wa umri wangu mnakumbuka redio zetu zilivyosema "waathiriwa wa ukimwi", kisha pole pole zikajifunza kusema "watu wanaoishi na virusi". Kenya ilipouridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, msemo wa "watu wenye" ulikwisha kuwa lugha ya serikali, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imeendelea nao. Skuli yetu ya Port Reitz ya watoto wenye ulemavu wa viungo ilisajiliwa zamani kwa jina la Kiingereza ambalo leo hakuna afisa angelipendekeza kwa skuli mpya.

Lakini virusi vina siku ya kuingia mwilini. Usonji hauna. Mtoto hauambukizwi akiwa na miaka mitatu. Ni katika umri huo tu ndipo sisi wakubwa tunapofumbua macho. Hoja hii aliiandika Jim Sinclair, Mmarekani ambaye mwenyewe ni wa usonji, mwaka 1999: usonji hauwezi kuchomolewa ndani ya mtu akabaki yule yule, na anayehangaika kuuweka mbali na jina la mtu huenda moyoni anauona kuwa kitu kibaya. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2016, ulioshirikisha watu 3,470, ulikuta watu wazima wenyewe wengi wakipendelea jina linalowatambulisha moja kwa moja, ilhali karibu nusu ya wataalamu walipendelea "mtu mwenye". Hapo utaona kinyume cha Salem. Lugha iliyotoka midomoni mwa wenyewe imehamia kwa wanaowahudumia, na wenyewe wameiacha.

Sasa tushuke Changamwe. Sisi hatukuhitaji mkataba wowote ili tujifunze kumtenga mtu na hali yake. Mtoto akichelewa kusema, akashinda akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, akaziba masikio kila ndege inaposhuka uwanja wa Moi, jirani huuliza: "Mama Fulani, mtoto ana nini?" Na majibu yapo tayari. Ana pepo. Ana jicho la watu. Amechezewa. Ni muundo ule ule wa watu wa Salem: mtoto yupo mzima, na juu yake kuna kitu. Na kitu kilichoingia, kitatolewa. Basi kombe kwa huyu, ngoma ya kupunga kwa yule, mkesha wa maombi hadi alfajiri, na siku hizi vidonge na orodha ya vyakula vya kuacha, vinavyouzwa kwa simu na mtu asiyewahi kumwona mtoto.

Sisemi wote ni matapeli. Wapo wanaomsomea mtoto au kumwombea bila kupokea hata senti, na mama akaenda zake na moyo uliotulia. Hilo nalo si dogo. Ila hakuna dawa wala kafara inayouondoa usonji, na neno "ana" humfungulia mlango kila aahidiye kuuondoa. Mama mmoja wa Chaani alinisimulia jinsi alivyouza cherehani, iliyokuwa ndiyo riziki yake, kumlipa mganga wa pili, kwa kuwa wa kwanza alishatamka kwamba pepo ni wa baharini na anataka mbuzi mweusi asiye na doa. Mbuzi alichinjwa. Kijana leo ni mrefu kuliko mamaye, na bado anaziba masikio ndege ikipita. Akiulizwa siku hizi mwanawe ana nini, hujibu bila kuinua macho kwenye ungo wake wa mchele: "Hana kitu. Yuko hivyo."

Bi huyu hajawahi kumsikia Sinclair. Amefika alipofika Sinclair, naye ametozwa cherehani njiani.

Mngetarajia basi niwaambie tuachane na "mwenye" tuhamie "ni". Siwezi. Maana "ni" nayo tunaijua hapa kwetu. Huyu ni taahira. Huyu ni zuzu. Huyu ni mwehu, mfungie ndani wageni wanakuja. Mwalimu akishatamka "huyu ni", haulizi tena kama mtoto anaweza kusoma akipewa pembe yenye utulivu na picha badala ya kelele. Hata hili neno la kistaarabu la siku hizi, "huyu ni spesho", nimelisikia likitumika kwa sauti ile ile.

Majirani zetu wa Tanzania wametupa mfano wa njia zote mbili. Viziwi wana chama chao, CHAVITA, na neno viziwi limesimama wazi katika jina lake. Wana lugha yao ya alama, wana utani wao na ndoa zao, na wengi wao hawaoni kasoro ya kufichwa nyuma ya "wenye". Chama cha Albino, kwa upande wake, kimekuwa Chama cha Watu Wenye Ualbino. Wenye ualbino walikuwa wakiwindwa. Katika miaka ya 2000 watu walikatwa viungo kwa imani kwamba mwili wao ni bidhaa ya bahati, na kulikuwa na waliosema kwamba zeruzeru hafi bali hutoweka. Aliyenyimwa utu kiasi hicho ana haki ya kutaka neno "mtu" litangulie. Kila kundi lilijibu tusi lililotupiwa lenyewe.

Wa usonji hapa Changamwe bado hawajapata nafasi ya kujibu. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, ikawahesabu pia watu 9,729 wenye ualbino. Usonji haukuwa na safu yake. Shirika la usonji la Kenya lilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na wamefanya kazi kubwa, lakini mzazi ni mzazi. Watu wazima wa usonji wapo bandarini, wapo makanikani, wapo nyuma ya mapazia ya vyumba vya ndani, wakiitwa mkimya, mkaidi, mgumu wa kuelewa. Ubishi tunaoufanya unawahusu, nasi tunaufanya bila wao.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la karani. Katika nyaraka za jumla, za kaunti na za skuli, tuandike "watu wenye usonji", kwa kuwa sheria inatumia "watu wenye" na hakuna haja ya kubuni jingine. Katika fomu ya mtu mmoja mmoja tuongeze mstari: ungependa tukuitaje? Nimeshaambiwa na afisa mmoja kwamba foleni ni ndefu. Fomu zetu huuliza dini, kata na simu ya jamaa wa karibu. Mstari mmoja zaidi hautachelewesha foleni. Asiyesema kwa mdomo aulizwe kwa picha, kwa simu, au kwa kuangaliwa anageukia jina lipi na analikimbia lipi. Na akiwa bado mdogo, au hatujapata njia ya kumuuliza, mstari huo uachwe mtupu, asiujaze mama wala daktari, hadi atakaporudi mwakani na kuulizwa tena.