Adabu ya Nyumbani Mbele ya Jopo

 Leo nazungumza nawe kijana wa Voi, Mwatate, Taveta au vilima vya Wundanyi, uliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi.

Kwanza, safari. Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100, na matatu hungoja abiria wajae. Ukiitwa saa mbili asubuhi, heri ulale kwa jamaa huku Voi. Vumbi letu jekundu nalo halimwachi mtu: beba kitambaa, upanguse viatu ukifika langoni. Bawabu msalimie kwa heshima ile ile utakayowapa wakubwa ndani.

Wengi wetu hukwama hapa: tumelelewa tusijisifu mbele ya wakubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini jopo likikuuliza umefanya kazi gani, ukainamisha macho na kujibu "kidogo tu", umewanyima jibu walilokuitia. Taja kazi yenyewe: "Nilikuwa mapokezi hotelini. Niliandikisha wageni, nikapokea malipo, na kila jioni nilifunga hesabu." Hapo hujajisifu, umeeleza. Na usilolijua, sema hulijui.

Suala la vyeti pia linaumiza vijana. Sheria ya Ajira ya 2007 ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri hafai kukudai vyeti vya uidhinisho, kama vile vya bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB) au tume ya kupambana na ufisadi (EACC), kabla hajakusudia kukupa mkataba wa kazi. Usikope pesa za kuvilipia mapema.

Huenda pia ukaalikwa mezani, hasa ukitafuta kazi katika hoteli za kitalii za Tsavo na Taita Hills, ambako adabu ya meza ni sehemu ya kazi. Agiza chakula unachojua kukila, kisiwe cha bei ya juu kuliko vyote. Uma na visu vikiwa vingi, anza na vya nje. Kama kuna nyama au kinywaji usichotumia kwa sababu ya dini, sema mapema, kwa upole. Mengine uliyajua tangu ulipokuwa ukila kimanga nyumbani: kunawa, kungoja mwenyeji aanze, kutozungumza na tonge mdomoni.

Basi kama umeitwa wiki hii, leo jioni mwombe dada, kaka au mjomba akuulize maswali, nawe umjibu kwa sauti.