Akina Mama wa Uhuru Park

Yule aliyepanda matatu saa hizi akitokea Kangemi kwenda mjini kwa barabara ya Waiyaki, atapita Westlands, kisha Chiromo, yalipo majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ambako mwanamke mmoja wa Nyeri aliwafundisha wanafunzi wa utabibu wa mifugo namna mwili wa mnyama ulivyoundwa; halafu gari litashika Uhuru Highway, na punde si punde ataiona mkono wa kulia bustani ya Uhuru Park, na mkono wa kushoto jumba refu la Nyayo House, ambalo katika vyumba vyake vya chini ya ardhi, miaka ya 1980, watu walifungiwa gizani wakateswa kwa ajili ya fikira zao. Baina ya bustani na jumba lile ni barabara tu. Mwanamke huyo ni Profesa Wangari Muta Maathai, na mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo lililotokea katika pembe ya bustani ile, mahali ambapo hadi leo paitwa Freedom Corner, yeye akiwa pamoja na kundi la akina mama ambao wengi wetu hatuyajui hata majina yao.

Mwezi wa Desemba 1991 Bunge lilikifuta kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na tangu siku hiyo kudai vyama vingi hakukuwa kosa tena. Hata hivyo wengi waliotiwa ndani kwa kudai jambo hilo hilo walibaki gerezani, wala sijapata kusikia hoja yoyote yenye insafu iliyoweza kuhalalisha dhuluma hiyo. Mama zao, aghalabu wazee wa mashambani wasiozijua ofisi za mjini wala lugha ya ofisi hizo, wakafunga safari hadi kwa Wangari wakamwomba awasaidie. Hili yafaa tulishike vema, kwa kuwa wasimulizi wengi hulipindua: si yeye aliyewaita, bali ni wao waliomjia, na fadhila yake ya kwanza ilikuwa kufungua mlango.

Ijumaa tarehe 28 Februari 1992 wakaenda pamoja naye kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakamweleza habari ya wafungwa 52, kisha wakamwambia kwa adabu zote kwamba watawangoja watoto wao pale bustanini. Wala halikuwa neno la kutisha tu, maana matandiko ya kulalia walikuwa wameyachukua tangu nyumbani. Wakakaa, wakasusa kula, wakaimba nyimbo za dini, na kila jioni watu waliotoka kazini wakawa wanazidi kuja, wengine kuwatazama tu, wengine na maji, wengine na mablanketi. Kisha likatukia jambo ambalo serikali haikulitazamia: watu waliokuwa wamepitia vyumba vya Nyayo House, waliokuwa wamenyamaza miaka yote kwa khofu na kwa haya, wakaanza kusimama mmoja mmoja mbele ya umati na kueleza yaliyowapata, ilhali jumba lenyewe liko ng'ambo ya barabara, kila msemaji aweza kulinyoshea kidole.

Siku ya Jumanne, tarehe 3 Machi, askari wakaja na virungu na moshi wa kutoa machozi. Hema likang'olewa, watu wakapigwa, na Wangari mwenyewe akapigwa hata akazimia, akachukuliwa hospitalini hajitambui. Hapo ndipo baadhi ya wale akina mama walipofanya lile ambalo magazeti ya dunia yalilitangaza: wakavua nguo zao mbele ya askari. Kwa Wakikuyu, na kwa makabila mengine mengi ya bara hili, mwanamke wa umri wa mama yako akijiweka uchi mbele yako kwa ghadhabu amekulaani, na hakuna laana iliyo nzito kuliko hiyo. Kuna askari waliogeuza nyuso zao.

Wako waliouliza, na swali lao si la kupuuzwa, iwapo laana nayo si silaha, na iwapo mtu atumiaye silaha ya kuitesa roho ya mwenziwe aweza kuhesabiwa miongoni mwa watu wa amani. Kwa rai yangu, mkazo wa swali umewekwa pasipostahili. Akina mama wale hawakumjeruhi mtu, hawakurusha jiwe, hawakuteketeza mali ya yeyote; walikuwa hawana kitu mkononi ila miili yao wenyewe, iliyokwisha chakaa kwa jembe na kwa uzazi, na wakaitumia kumkumbusha kijana mwenye kirungu kwamba naye alizaliwa. Ikiwa ukumbusho huo ulimtesa, basi uliomtesa ni moyo wake mwenyewe. Tena haikuwa mara ya kwanza kwa jiji hili kuliona jambo la namna hiyo. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika mbele ya kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk kumdai Harry Thuku aliyekuwa ametiwa mbaroni, na wanaume wakaelekea kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliipandisha nguo yake juu akawakebehi, akawataka wampe suruali zao wao wavae gauni lake. Umati ukasonga mbele bila bunduki. Bunduki zilikuwa upande wa pili, na waliouawa siku ile walizidi 20, naye Muthoni miongoni mwao. Kutoka hapo hadi Freedom Corner si mwendo wa kumchosha mtu kwa miguu, na baina ya mikasa hiyo miwili imepita miaka 70.

Turudi kwa mama zetu. Polisi wakawatawanya, wengine wakarudishwa kwao kwa nguvu, na bustani ikazingirwa. Lakini wakarejea mjini, na kwa kuwa nyasi walikwisha nyimwa, wakaingia katika Kanisa Kuu la All Saints, lililo jirani na bustani, ambalo msimamizi wake, Provosti Peter Njenga, aliwafungulia milango. Humo, katika chumba cha chini ya kanisa, wakakaa takriban mwaka mzima. Naomba msikilizaji asilipite neno hili kwa haraka, kwa maana hapa ndipo ilipo ilimu yenyewe. Kupigwa ni tukio la saa moja, na mwenye ujasiri wa kawaida aweza kulistahimili. Kukaa mwaka katika chumba cha chini, kulala sakafuni katika uzee, kupokezana zamu, kufua, kupika mara mgomo ulipokwisha, kusikia kwamba askari wamezunguka nje, kusikia kwamba jirani kijijini anakucheka na shamba limeota magugu, na kesho yake kuamka kuendelea, hayo hayafanywi kwa ujasiri peke yake. Yataka utaratibu. Nahodha wa jahazi angojaye kusi haketi bure, bali katika kungoja kwake hushona tanga na kuziba nyufa. Na wao waliingoja serikali namna hiyo, kila siku wana la kufanya. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliodaiwa walikwisha achiliwa, na miongoni mwao Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake, Wangu, alikuwa mmoja wa mihimili ya kundi lile.

Amma Wangari, ustahimilivu huu aliupata wapi? Watu hupenda kutaja Marekani, na kweli aliishi huko katika kipindi cha ajabu. Tom Mboya alizunguka nchi ile mwaka 1959 kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, na mwezi wa Mei mwaka huo alipokewa Atlanta na jumuiya iliyoongozwa na Martin Luther King. Wangari alikuwa katika msafara wa mwaka uliofuata, akasoma elimu ya viumbe huko Atchison, Kansas, kisha Pittsburgh, akarejea mwaka 1966, yaani alikuwapo katika miaka ile ile ambayo watu weusi wa nchi hiyo walikuwa wakipigwa, na mbwa wakiachiwa, nao hawanyoshi mkono kurudisha. Siwezi kusema kwamba haya hayakumgusa. Lakini mwenyewe alipoeleza asili yake alianza mbali zaidi, Ihithe, Nyeri, kwa mama yake aliyemkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa huo ni mti wa Mungu; na alipokwisha kuwa msomi akafahamu kwamba mizizi ya mugumo hushika udongo na kuyaleta juu maji ya chini, na kwamba mwiko wa wazee ulikuwa umeilinda chemchemi. Mtu aliyelelewa na mwiko wa namna hiyo hutambua mapema kwamba kuna vitu huhifadhiwa kwa kutoguswa.

Ndiyo maana vita vyake na wakubwa vilianza kwa kitu kidogo, nafasi ya kukalia majani. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama tawala kilikusudia kujenga ndani ya Uhuru Park mnara wa ghorofa 60, na sanamu ya Rais kando yake. Wangari akaandika barua. Akaandika kwa wakuu wa serikali, kwa mashirika ya nje, kwa kila mwenye sikio, akiuliza kwa upole kama mnara huo ungeweza kujengwa New York katikati ya Central Park au London ndani ya Hyde Park. Majibu aliyopewa hayakuwa ya hoja. Bunge liliacha shughuli zake likamtukana, akasimangwa kwa talaka yake, Rais Moi akasema kwamba wapingao wana wadudu vichwani, na jumuiya yake ya Green Belt, aliyoianza mwaka 1977 kwa miche saba pale Kamukunji, ikafukuzwa katika ofisi za serikali ikahamia nyumbani kwake South C. Lakini wenye fedha wa nchi za nje wakasita, mnara ukapunguzwa, kisha ukaachwa, na mwanzoni mwa 1992 ua uliozunguka kiwanja ukaondolewa. Majuma machache baadaye akina mama wakatandika mablanketi yao katika bustani hiyo hiyo. Laiti mnara ungalijengwa, wangalikaa wapi?

Yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha: Msitu wa Karura mwaka 1999, alipopasuliwa kichwa akaitia sahihi taarifa ya polisi kwa damu yake, Bungeni mwaka 2002, Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, ya kwanza kwa mwanamke wa Afrika. Tuzo ile ilikuwa haki yake. Hata hivyo nadhani imetudhuru kidogo, kwani imetuzoesha kumwona peke yake jukwaani, na mwangaza wa Oslo umewatia kivulini wale ambao alilala nao nyasini.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Kwa kuwa alikwisha usia kwamba mti usikatwe kwa ajili yake, jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, na tarehe 8 Oktoba, siku ile ile ambayo miaka saba nyuma tuzo ilitangazwa, taifa likamuaga Uhuru Park. Majivu yake yakazikwa Kabete ya Juu, katika chuo cha amani na mazingira kiitwacho kwa jina lake. Wakazi wa magharibi ya jiji, jirani zake hao wa leo, walipata kuonekana wamesoma somo: mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa na mugumo mmoja mkubwa wa karibu karne nzima kando ya barabara ya Waiyaki ukaelekea kung'olewa, watu walisimama chini yake na mabango, wakaandika na kulalamika bila kumpiga mtu, hata amri ya Rais ikatoka mwezi wa Novemba kwamba mti huo usiguswe. Barabara ikajengwa, na mti ungali hapo.

Kabla ya kuagana, nina ombi kwa mwenye mama, nyanya au shangazi aliyekuwa katika kundi la mwaka 1992, au aliyewapelekea uji kanisani, au hata askari mstaafu aliyekuwa zamu siku ile. Keti naye jioni moja, uandike ayasemayo, kwa lugha yake mwenyewe, na utuletee hapa redioni. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaendelea na habari za Muthoni Nyanjiru na mwaka wa 1922.