Tusingoje Msiba Ndipo Tusikilize

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Nyakato, Mwanza.)



Nimeombwa niseme machache juu ya wanamuziki waliokwisha kufariki, ambao kila mmoja wetu angependa kuwa aliwahi kuwaona kwa macho yake wakiwa jukwaani. Mada hii yaonekana kuwa ya burudani tu, na huenda baadhi yenu mmekuja mkitazamia kupumzisha akili baada ya juma zima la kusahihisha madaftari na kujibu barua za ofisini. Naomba radhi mapema. Kadiri nilivyoitafakari mada hii ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ndani yake limo deni, na wadaiwa ni sisi wenyewe.

Kama ningepewa nafasi ya kumchagua mmoja tu, ningemchagua Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944, akakulia Morogoro, na katika miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kupiga muziki katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka. Mwaka 1973 akaunda bendi yake ya Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34, umri nilio nao mimi leo. Mimi najiona bado naanza maisha; yeye alikuwa amekwisha kutuachia nyimbo ambazo taifa zima linaziimba hata sasa.

Kama wengi wenu, nilimjua Mbaraka kwa njia ya redio. Lakini redio haiwezi kutupa yote. Mpiga gitaa wa dansi huwatazama wachezaji. Wakichangamka, hurefusha kibwagizo, wakichoka, hupoza, akimwona mtu mmoja peke yake kwenye kona ya ukumbi, humvuta kwa sauti ya nyuzi mpaka ainuke. Santuri haina macho ya kumwona mtu aliye kwenye kona. Watazamaji wa Osaka walikiona kitu ambacho mimi, mtoto wa nchi hii hii, sitakiona kamwe.

Wa pili ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya watu maskini, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Marehemu Shaaban Robert alimwona kuwa anastahili kuandikiwa wasifu, na kitabu hicho walimu wa Kiswahili mnakijua vema. Santuri za siku zile zilichukua takriban dakika tatu tu kila upande. Ndugu zangu, taarabu ya dakika tatu ni kama pilau ya kuonja kwa ncha ya kijiko. Jioni nzima ya Siti, pamoja na vicheko vya waliojua kesi gani ya mjini inayosemwa na tajiri gani anayeumbuliwa, haikupata kuhifadhiwa mahali popote. Ilikwenda na wale waliokuwapo, naye akafariki mwaka 1950.

Mpaka hapo, hapana lawama juu yetu. Hakuna awezaye kulaumiwa kwa kuchelewa kuzaliwa. Lakini sasa nafika kwenye jambo ambalo ni aibu kwangu kulisema, na nitalisema.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alikuwa angali anaimba. Huyu ni mama aliyekuwa kigoli enzi za Siti, akajifunza nyimbo zake, akazibeba hadi ukongweni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alipiga ngoma ya unyago akiwa ameifunga kiunoni, katika umri ambao wengi wetu tutakuwa tukishikwa mkono kuvushwa barabara. Kati yangu na yeye palikuwa na safari ya boti ya saa chache. Wenzangu walikwenda. Mimi kila mwaka nilisema, "Mwakani." Aprili 2013 redio ilitangaza kifo chake. Siku ile niliandika maneno marefu ya majonzi, na watu wakanisifu kwamba nimeandika vizuri. Hakuna aliyeniuliza kama nilipata kumsikiliza hata mara moja.

Tangu hapo, ninapomsikia mtu akisema "laiti ningemwona fulani," hujiuliza: je, alinyimwa na wakati, au alijinyima mwenyewe? Marijani Rajab alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40. Katika miaka yake ya mwisho mtunzi huyu mkubwa alikuwa akiuza kanda za muziki karibu na nyumba yake jijini Dar es Salaam. Watu walipita mbele yake kila siku. Leo watoto wa wapita njia wale wanasema laiti wangemwona.

Turudi sasa hapa kwetu. Masimulizi ya Usukuma yanawataja Ngika na Gumha, waganga na mabingwa wa ngoma wa karne ya 19, ambao mashindano yao yalizaa vyama viwili vya Bagika na Bagalu. Mwenye kushinda alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi uwanjani. Hapakuwa na jaji mwingine. Hakuna santuri ya Ngika wala kanda ya Gumha. Lakini vyama vyao vipo, na kila mwaka, mnamo mwezi Juni, vinacheza kwenye sherehe za Bulabo huko Bujora, mahali ambapo Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alisaidia tangu miaka ya 1950 kukusanya na kuhifadhi mambo ya Wasukuma. Kutoka hapa Nyakato hadi Bujora ni kupanda daladala barabara ya Musoma, kupita Igoma na kushuka Kisesa. Naomba tusinyoshe mikono, kila mtu ajibu moyoni mwake: amekwisha kufika mara ngapi?

Mwaka jana nilimtembelea mzee mmoja, upande huo huo wa Kisesa, ambaye ujanani aliongoza nyimbo za kulima. Nilikwenda na simu yangu ili nimrekodi, nikijiona nimefanya jambo la maana. Akaimba kidogo, akanyamaza. Nikadhani amechoka. Akaniambia, "Mwanangu, wimbo wa jembe hauimbwi na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti. Nani ataniitikia?" Wajukuu zake walikuwapo, nao hawakujua kuitikia. Mimi pia sikujua.

Ndugu zangu, swali la mzee yule ndilo jibu la mada yetu ya leo. Muziki wa jukwaani na wa uwanjani hautengenezwi na mwimbaji peke yake. Nusu yake ni sisi, tunaoitikia, tunaocheka, tunaoinuka kucheza. Tunapotamani kumwona Mbaraka, kwa hakika tunatamani kuwa ile nusu nyingine iliyomjibu. Basi imekuwaje tuwanyime nusu hiyo hawa walio hai, kisha tuje kuililia makaburini?

Atatokea mtu aseme kwamba vijana wana muziki wao. Ni kweli, na hawakosi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, alipenda muziki wa Kuba uliomfikia kwa santuri, akaugeuza ukawa wa Morogoro. Mbaraka naye alikuwa kijana, na gitaa lake lilikuwa la umeme. Hatuwazuii vijana wasisonge mbele. Tunachotaka ni wawe na mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, wala hayahitaji fungu la fedha kutoka juu.

Kwanza, kila shule iandike majina ya wazee wa muziki waliomo katika kata yake: watunzi, wapiga ngoma, wapiga zeze, na hata wapiga gitaa wa zamani wa bendi zilizokufa. Wanafunzi wakiulizia nyumbani kwao, orodha itakamilika katika juma moja.

Pili, warekodiwe kwa ridhaa yao. Simu zimo mifukoni mwetu sote. Lakini sauti bila maelezo itakuwa bubu baada ya miaka 30. Yaandikwe jina la mwimbaji, mahali, tarehe, na maana ya maneno magumu, na nakala moja akabidhiwe mwenyewe. Walimu wa Kiswahili na wa historia wasipoiweza kazi hii, sijui ataiweza nani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, waalikwe shuleni na kwenye sherehe zetu, watoto wafundishwe kuitikia, na wazee walipwe. Tumezoea kumlipa mgeni rasmi posho na mafuta ya gari, ilhali mzee wa ngoma aliyekesha akiwachezesha watu hupewa soda moja na asante. Mzee naye ana nauli na ana watoto wa kulisha. Nyimbo zake ni mali yake.

Ndugu Mwenyekiti, Mbaraka sitamwona. Siti sitamwona. Bi Kidude nilijinyima mwenyewe. Lakini Jumamosi ijayo ninarudi Kisesa, safari hii pamoja na walimu wawili waliomo humu ukumbini na wanafunzi 20, ili mzee yule apate wa kumwitikia. Kwenye daladala nafasi bado zipo.