Njia ya Pwani na Jiwe la Nzambani



Kila Desemba magari hupita Emali na Kibwezi, Makueni, yakikimbilia Mombasa kuona bahari na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wachache hukumbuka kwamba pale Kibwezi kuna barabara ya lami inayopitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, kwenye jiwe la Nzambani. Wazee husimulia kwamba mwanamume akilizunguka mara saba hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume.

Ngazi za chuma humfikisha mgeni juu. Akifika, asichore jina lake wala kuacha chupa. Jiwe likibaki safi, wageni watarudi na wenzao, na wauza asali na viondo watapata soko karibu na nyumbani.